Pini ya Mama Picha

Sehemu ya Saba

Pini. Ndiyo, msomaji, ni pini tu ya kufungia nguo. Wale mlioandika kwamba mashine imerogwa, poleni. Na wale mlioapa kwamba Mama Picha ameanza kuchanganyikiwa kwa uchovu, mwombeni radhi.

Tuliachana naye amesimama mbele ya kompyuta katika chumba cha eksirei cha hospitali kuu, akitazama picha mbili za kifua kimoja. Kilikuwa kifua cha mdogo wake wa tumbo moja. Picha zilipishana dakika kumi. Ya kwanza mashine ilijibu "Safi". Ya pili mashine hiyohiyo ikajibu "Hatari". Mapafu yaleyale, mbavu zilezile. Kilichoongezeka ni kitu cheupe juu ya bega la kulia, kidogo kuliko kucha.

Ya kwanza ilipigwa mgonjwa akiwa na gauni la hospitali. Ya pili aliona baridi, akaomba abaki na shimizi yake. Na shimizi hiyo, tangu alipoanza kukonda, kamba yake ya bega ilishikiliwa na pini.

"Dada, mbona kimya?" mdogo mtu aliuliza kutoka nyuma ya pazia. "Nimeshakufa na hutaki kuniambia?"

Huyo ndiye Kasuku. Alipewa jina hilo nyumbani kabla hajamaliza kuota meno, kwa wingi wa maneno yake, na saluni anakosukia nywele wateja humfuata zaidi kwa mdomo kuliko kwa vidole. Simu ya Kasuku haijawahi kulia mara mbili bila kupokelewa. Siku hizi husema maneno matano, akatulia kukohoa, akamalizia matatu.

"Toa hiyo pini ya begani," Mama Picha alimwambia. "Halafu usimame tena palepale."

Picha ya tatu: Safi. Akamrudishia pini yake. Picha ya nne: Hatari.

Kwa mliojiunga nasi leo, jueni kwamba katika hospitali hii, kwa miaka miwili sasa, hakuna binadamu anayesoma picha ya kifua. Picha inaingia kwenye mashine, mashine inajibu kabla hujafunga kifungo cha shati, na jibu linakwenda moja kwa moja kwenye dirisha la dawa. Ukiambiwa Hatari, dirisha linafunguka na unameza vidonge vya kifua kikuu kila asubuhi kwa miezi sita. Ukiambiwa Safi, unakwenda nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi. Daktari wa zamu hana uwezo wa kubadilisha jibu. Chumba cha kupima makohozi kilifungwa mwaka jana, sasa kinatunza viti vibovu. Cha nini tena, na mashine ipo?

Kasuku alikuwa ameambiwa Safi mara tatu ndani ya miezi miwili. Asubuhi hiyo alikuwa amekohoa damu kwenye leso, akaikunja leso na kuificha, kana kwamba dada yake hajaiona.

Mama Picha alifanya ambalo wewe pia ungelifanya. Alifuta picha nyingine zote, akaacha moja yenye pini. Kabla ya saa sita Kasuku alikuwa amesimama dirishani na vidonge mdomoni, na muuguzi wa dirisha alimpongeza kwa kuwahi.

Kisha Mama Picha akarudi chumbani kwake, akakaa kwenye kigoda cha wagonjwa. Alama ile ya pini aliijua. Ilikuwa yake.

Hapo zamani, kabla ya mashine, picha zilitoka kwenye filamu, na filamu zilikwenda kwa mzee mmoja aliyeitwa Daktari wa Taa, kwa sababu ukimtafuta saa yoyote utamkuta ameinamia ile taa nyeupe ya kusomea. Filamu zilikuwa mia kwa siku na daktari alikuwa mmoja. Basi Mama Picha alibuni utaratibu wake. Mgonjwa akiingia amechoka, shingo imekwisha, anapumzika kwenye ngazi moja ya kupandia, alibandika pini kwa plasta kwenye kona ya kaseti, lile bamba linaloshika filamu, juu ya bega la kulia. Pini ilitokea nyeupe kwenye picha. Daktari alielewa bila kuambiwa: hii uitazame kwanza. Hakuna aliyemwagiza Mama Picha kufanya hivyo. Hakuandika popote. Ilikuwa huruma tu, na ilidumu miaka kumi na moja.

Halafu walikuja watengenezaji wa mashine. Waliomba filamu zote za miaka hiyo pamoja na majibu ya daktari, ili mashine ijifunze. Mama Picha alizipanga kwenye maboksi yeye mwenyewe, akaandika tarehe kwa mwandiko wake mzuri, na siku gari lilipoondoka alijisikia kama aliyesindikiza mtoto anayekwenda kusoma mbali.

Mashine ilisoma filamu zile elfu na elfu, ikatafuta ni nini kinachofanana kwenye vifua vilivyoumwa. Ikapata. Pini.

Kesho yake asubuhi Mama Picha alimfuata Fundi Waya. Huyu ni bwana wa miaka hamsini na ushei, mtunzaji wa mashine, ambaye hutembea na nyaya shingoni mchana kutwa mpaka watu wamesahau jina lake. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Mama Picha, mashine hii ilifanyiwa mtihani. Ilipata tisini na saba kwa mia."

"Mtihani walitumia filamu zipi?"

"Za humuhumu. Zilezile za kwenye maboksi yako."

Kicheko kikamkauka. Alikuna kichwa, akasema sawa, tuondoe binadamu kabisa, tupige kitu kisicho na mapafu. Akaingia wodi ya jirani na kurudi na mto wa kulalia, ule wa rangi ya bluu wenye muhuri wa hospitali. Wakausimamisha mahali pa mgonjwa.

Picha ya kwanza: Safi.

"Unaona?" alisema Fundi Waya. "Mto mzima wa afya."

Mama Picha akachomeka pini kwenye kona. Picha ya pili: Hatari. Aanzishiwe dawa leo.

Hawakuwa wameinua hata macho yao, dirisha la dawa upande wa pili wa korido likafunguka, na muuguzi akasikika akiita mgonjwa namba mia mbili kumi na nne aje achukue vidonge vyake. Akaita mara ya pili. Kwenye benchi, mzee mmoja aliyekuwa na karatasi ya Safi mkononi alikuwa akikohoa mpaka anajishika magoti. Yeye hakuitwa. Aliitwa mto.

Fundi Waya alifunga mlango. Akafungua kumbukumbu za mashine na wakazipitia kimyakimya. Enzi za Daktari wa Taa, katika kila watu mia waliopigwa picha, thelathini waliambiwa wanaumwa. Tangu mashine ije, wanne. Kwa sababu ya hao wanne hospitali ilipewa tuzo. Getini kuna bango kubwa linalosema kifua kikuu kinaondoka. Wodi ya kifua yenye vitanda arobaini ilifungwa, ikapakwa rangi, ikawa ukumbi wa kupokelea wageni wanaokuja kuitazama mashine.

Wakafungua picha za wanne wa mwisho walioambiwa Hatari mwezi uliopita. Mmoja alikuwa na pini ya nguo. Wa pili alikuwa mlinzi, beji yake ya chuma begani. Wa tatu alikuwa na chuma alichowekewa baada ya ajali. Wa nne ni mto wetu, alisema Fundi Waya, kisha akakumbuka kwamba mto ni wa leo, akatafuta wa nne wa kweli. Mkufu, kishikizo chake kimeangukia upande wa kulia.

"Na hawa walioambiwa Safi?" aliuliza, akizungusha orodha. Iliteremka na kuteremka. "Hawa elfu tisa wa miezi ya karibuni tu. Wako wapi sasa hivi?"

"Nyumbani kwao," alisema Mama Picha. "Wanalala chumba kimoja na watoto."

Fundi Waya alivua nyaya shingoni, akaziweka mezani. Palepale akawaandikia watengenezaji barua, akaeleza habari ya pini mwanzo mpaka mwisho, akaituma. Nawaomba muikumbuke barua hiyo. Ilitumwa kwa nia njema kabisa.

Saa nane mchana Mama Picha aliitwa kwa Mkurugenzi.

Msitegemee jambazi hapa. Mkurugenzi ni mtu aliyechoka, mwenye vidonda vya tumbo, anayekula biskuti kavu juu ya mafaili. Alikuwa ameshasoma nakala ya barua. Alimkaribisha kiti, akamuuliza kuhusu hali ya mdogo wake, na Mama Picha akajua kwamba ameshaiona na ile picha.

"Pini ilikuwa ya nani?" aliuliza.

"Yangu."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna."

Mkurugenzi akatikisa kichwa polepole. Akaeleza kwamba mashine iko katika hospitali sitini na moja. Wasomaji wa picha wote walishaondolewa, wengine wamestaafu, wengine wameajiriwa mbali, na vyuo vimeacha kufundisha kazi hiyo kwa kuwa haina ajira. Mashine ikisimama leo, hakuna wa kuipokea. Dirisha la dawa linaendeshwa na mashine, kwa hiyo na dirisha litasimama.

"Na dirisha likisimama, Kasuku atameza nini?" alimaliza. Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayesoma ratiba.

"Kwa hiyo nifanye nini, mkuu?"

"Rudi chumbani kwako. Uweke pini, kama zamani. Unayemwona anaumwa, mwekee. Hospitali yetu itasoma sawasawa."

"Na hizo nyingine sitini?"

Mkurugenzi aliutazama mfuko wa biskuti. "Hizo hazina Mama Picha."

Ndipo alipomtaja Daktari wa Taa. Yule mzee yu hai, alisema, anaishi kwa mwanawe nyuma ya soko, na kama kuna mtu anayejua mapafu ni yeye. Akirudi, hata kwa miezi michache, atasoma, atafundisha wengine wawili watatu, na watu watapona. Mkurugenzi aliinua mikono yote miwili. Akikubali, barua ya kumrudisha kazini ataiandika siku hiyohiyo.

Hilo, msomaji, ndilo tumaini la wiki hii. Lifaidi upesi.

Kwa siku nne Mama Picha aliweka pini. Aliwatazama wagonjwa wanavyoingia, wanavyofungua vifungo, wanavyovuta pumzi kabla ya kuambiwa wavute. Huyu, ndiyo. Huyu, hapana. Alipohesabu jioni ya siku ya nne alikuta thelathini na mmoja kwa mia, karibu sawa na zamani. Mashine ikaanza kusifiwa upya. Fundi Waya, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwonyesha mama mmoja mnene mcheshi aliyetoka bila pini.

"Na yule?"

"Yule mzima."

"Umejuaje?"

Mama Picha alikuwa amezoea kuulizwa na mtu anayejua zaidi yake. Zamani akikosea, Daktari alikuwa upande wa pili wa pini, na daktari ndiye aliyeamua. Sasa upande wa pili hapakuwa na mtu.

Nyumbani, lakini, mambo yalikuwa yanageuka. Kasuku alimaliza sahani akaomba kuongezewa. Alilala usiku kucha bila kukaa kitako. Siku ya tano alimsema jirani maneno dakika nzima bila kukohoa, na Mama Picha alikimbilia jikoni akalia kwa furaha, akijifuta kwa kitambaa cha kushikia sufuria.

Jumamosi mchana alikwenda kwa Daktari wa Taa. Mkwe wa mzee alimfungulia, akamkaribisha sebuleni, akazima redio. Mzee alikuwa amekaa karibu na dirisha, shati limefungwa mpaka shingoni, nadhifu kama siku zote. Aliitambua sauti yake mara moja, akamwita binti yangu, akamuuliza kama bado anabishana na wagonjwa wasiotaka kuvua mikufu.

Mama Picha alimweleza yote. Mzee alisikiliza, vidole vyake vikitembea juu ya mkono wa kiti. Kisha akanyoosha mkono. Mama Picha akampa picha ya kifua cha mdogo wake, aliyoichapisha kwenye filamu ya akiba kabla hajaifuta, ile ya gauni la hospitali isiyo na pini.

Daktari aliiinua kuelekea dirishani. Akaitazama kwa muda mrefu. Akaisogeza karibu na uso, akaiweka mbali.

"Pini umeiweka wapi, binti yangu?" aliuliza.

"Hii haina pini, Daktari." Kisha akaona. "Na umeishika juu chini."

Mzee aliishusha filamu mapajani. Mkwe wake alitoka sebuleni taratibu, kama mtu aliyekuwa akiisubiri siku hiyo.

"Macho yaliniisha mwaka wa tatu wa kazi yetu," alisema. "Yalianza na ukungu. Mapafu nikawa siyaoni, naona weupe tu. Lakini pini niliiona. Pini inang'aa. Nilisema nitastaafu mwezi ujao. Kisha mwezi mwingine. Hawakuwa na mtu mwingine, binti yangu. Na wewe ulikuwa na jicho zuri. Ukiweka pini, naandika anaumwa. Usipoweka, naandika safi."

"Miaka minane?"

"Miaka minane. Na hukukosea sana."

Mama Picha alishika ukingo wa meza. Kwa miaka minane, vidole vyake na kipande cha plasta ndivyo vilivyokuwa vikiamua nani apone. Na mashine, ile mashine aliyokuwa akiilaani wiki nzima, haikukosea kitu. Ilijifunza kazi ya chumba kile kama ilivyokuwa ikifanyika.

Ila kulikuwa na swali moja limemkaa kooni, na wale mnaotufuata tangu sehemu ya kwanza mnalijua. Mume wake. Seremala, mtu wa mizaha, aliyekohoa miezi mitatu na kusema ni vumbi la mbao. Alimpiga picha yeye mwenyewe, wakicheka, akimwambia asitikisike. Daktari akaandika safi. Baada ya miezi minne wakamzika, na Mama Picha akajifariji kwamba ni ugonjwa uliojificha, picha isingeuona.

"Mume wangu, Daktari. Unaikumbuka picha yake?"

Mzee alipepesa macho yasiyoona. Alikuwa anakumbuka.

"Haikuwa na pini," alisema. "Nikajiambia, mke mwenyewe ndiye aliyempiga. Ingekuwa mbaya, angeweka."

Mama Picha hakuweka kwa sababu alimpenda. Hakuweka kwa sababu mkono wake ulikataa kumwona mumewe kama mgonjwa. Alitoka kwenye nyumba ile bila kuaga, akaiacha filamu ya Kasuku mapajani mwa mzee, akapita katikati ya soko akigonga watu mabega, na hakujua amefikaje nyumbani. Kasuku alimuuliza kama mzee amekubali. Mama Picha alisema amezeeka sana, akaingia chumbani, akatoa bahasha iliyokuwa chini ya nguo za marehemu kabatini, akaishika filamu ya mumewe, ile pekee ambayo hakuitia kwenye maboksi, dhidi ya mwanga. Kona ya bega la kulia ilikuwa tupu. Alikaa nayo mpaka jua likahama dirishani.

Jumatatu asubuhi kabla hajavaa koti la kazi, Fundi Waya alimjia mbio, na safari hii nyaya zake zilikuwa zinaburuzika chini.

Watengenezaji wamejibu. Wameshukuru sana kwa barua. Tatizo wamelimaliza usiku wa kuamkia leo, katika hospitali zote sitini na moja kwa mpigo: kila picha, ya zamani na mpya, kona zake zimefunikwa kwa weusi. Mashine haiwezi tena kuona pini. Kisha wakairudisha isome picha zote upya.

"Na imesema nini?"

"Safi," alisema Fundi Waya. "Wote. Mia kwa mia."

Mashine ilikuwa imenyang'anywa kitu pekee ilichokijua. Mama Picha alikuwa ameshaanza kukimbia. Korido ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Dirisha la dawa lilikuwa limefungwa, foleni yote ikilishangaa, na muuguzi alimwambia kwa huruma kwamba mdogo wake alifika saa moja na nusu, akaambiwa amepona, akarudishwa. Aliomba hata kidonge kimoja cha siku hiyo. Kabati halifunguki bila jibu la mashine. Muuguzi alijaribu mpaka kwa kisu cha mkate.

Alipogeuka, Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yake na karatasi.

Habari njema, alisema, na uso wake haukuwa na habari njema yoyote. Watengenezaji wako tayari kuifundisha mashine upya. Wanahitaji picha elfu nane zisomwe na mtaalamu, aseme hii safi, hii hatari. Wagonjwa wa hospitali hii wamo humo. Atakayesemwa hatari na mtaalamu, dirisha litamfungukia siku hiyohiyo. Waliomba jina la msomaji mwenye uzoefu. Hakuwa na jina la kuwapa.

"Nimeandika la kwako," alisema.

"Mkuu, mimi sijui kusoma mapafu. Mimi nasoma watu."

"Najua."

"Basi nitasema wote hatari."

"Ukizidi thelathini kwa mia wanaifuta kazi yote, dirisha linabaki kufungwa. Wameandika hapa."

Alimsukumia kiti mbele ya kompyuta. Mama Picha akakaa, na wazo lake la kwanza lilikuwa moja tu: aitafute picha ya Kasuku, aibonyeze hatari, hizo nyingine atajua baadaye. Akatazama orodha. Hapakuwa na majina. Hapakuwa na namba za wagonjwa, umri wala tarehe. Watengenezaji walikuwa wameyaondoa yote, wakabaki nayo wao tu, ili kulinda siri za watu. Na kona zote nne za kila picha zilikuwa nyeusi, kwa hiyo hata pini ya shimizi isingemwonyesha. Elfu nane za mbavu, zote zinafanana, bila shingo, bila mashavu, bila mtu anayepumzika kwenye ngazi. Mmoja wao ni damu yake. Alijisikia ameachwa peke yake duniani.

Alibonyeza ya kwanza. Ikafunguka.

Mtulinga wa upande mmoja, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ulikuwa umepinda, kama mfupa uliovunjika zamani ukajiunga vibaya.

Akasogea karibu na kioo. Kasuku alianguka ukutani akiwa na miaka minane, akavunjika mtulinga. Baba alimbeba mgongoni mpaka zahanati, na njia nzima mtoto hakuacha kuongea. Ulijiunga vibaya, mpaka leo gauni likimkaa wazi unauona. Lakini ni bega lipi? Mama Picha alifumba macho. Alimwona baba, aliiona bandeji, alimwona mtoto anacheka na machozi usoni. Bega hakuliona. Na vifua vyenye mtulinga uliopinda, katika elfu nane, vinaweza kuwa mia.

Filamu yake ilibaki kwa mzee nyuma ya soko, kwa hiyo jibu lilikuwa rahisi, amuulize mwenyewe. Akachukua simu, akapiga.

Ikalia mara ya kwanza. Ikalia mara ya pili. Mama Picha alisimama kutoka kwenye kiti. Ikalia mara ya tatu, ya nne, ya tano, na Fundi Waya aliyekuwa mlangoni akaacha kukusanya nyaya zake.

Mara ya saba ikapokelewa. Nyuma kulikuwa na kelele za watu wengi, mtu anaomba nafasi, mwingine anasema mpepeeni. Sauti iliyozungumza ilikuwa ya mwanamume asiyemjua.

"Haloo," alisema. "Wewe ni nani wake huyu dada?"